Kamera ya bei nafuu: tazama haya kabla kikundi chako hakijatoa pesa

Swali hili huletwa mara kwa mara kwenye meza yetu ya mawasiliano, hasa na vikundi vya vijana na vya akina mama: tumechanga pesa kidogo, tunataka kamera ya kupiga picha na video za harusi, mahafali na mikutano, tununue ipi? Si swali dogo. Pesa zenyewe zimetokana na mchango wa kila wiki, na harusi iliyorekodiwa vibaya hairudiwi. Tena yale yanayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi la kamera mara nyingi siyo yanayoamua picha itatokaje.

Jiulizeni kwanza kama kamera inahitajika. Simu nzuri ya bei ya wastani hupiga picha safi mchana, na video yake inaweza kuishinda kamera ndogo ya mfukoni ya miaka kumi iliyopita. Ikiwa kazi yenu ni kuonyesha bidhaa mnazouza mtandaoni, nunueni stendi na maiki ndogo ya kubana kwenye kola, pesa nyingine zibaki kwenye akaunti ya kikundi. Kamera huanza kuleta faida pale mnapopiga ndani ya ukumbi au usiku, mnapohitaji kumvuta karibu msemaji aliye mbali, au mnaporekodi kwa muda mrefu bila kukatizwa na simu inayoita.

Ukifika dukani, muuzaji atakutajia megapikseli. Hesabu hiyo inaeleza picha ina nukta ngapi, basi. Megapikseli 8 au 9 zinatosha kuchapisha picha nzuri kwenye karatasi ya A4. Kinachokusanya mwanga ni kile kibamba kilicho nyuma ya lenzi, ambacho mafundi hukiita sensa (si ile ya kuhesabu watu). Sensa ikiwa pana, picha ya ukumbini hutoka safi; ikiwa finyu, nyuso hujaa chembechembe kama mchanga.

Chukua mfano wa kamera mbili za Canon. IXUS 185, iliyotoka 2017, ina megapikseli 20 na inaingia mfukoni. EOS 600D, iliyotoka 2011, ina megapikseli 18. Kwa kutazama boksi, ya kwanza imeshinda. Lakini sensa ya IXUS ni ya takriban milimita 6 kwa 4.5, na ya 600D ni takriban milimita 22 kwa 15, yaani eneo lake ni zaidi ya mara kumi. Na kwa video, IXUS 185 inaishia ubora wa 720p ilhali 600D inafika 1080p. Gharama yake ni uzito: 600D ina karibu gramu 570 kabla hujafunga lenzi, na anayesimama nayo harusi nzima ataujua uzito huo jioni.

Kuhusu kuvuta picha karibu, uliza zumu ya lenzi pekee. Ile inayoitwa zumu ya dijitali hukata kipande cha picha na kukipanua, jambo ambalo unaweza kulifanya mwenyewe baadaye kwenye simu.

Sauti ndiyo husahauliwa zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo inayotenganisha video ya kulipwa na video ya kuonyeshana nyumbani. Watu husamehe picha yenye giza kidogo. Hawasamehi nasaha za mzee zisizosikika kwa sababu ya feni na jenereta. Kwa hivyo tafuta tundu la maiki pembeni mwa kamera, la milimita 3.5. Usidhani kamera mpya lazima iwe nalo. Canon EOS 2000D, iliyotoka 2018 kwa wanunuzi wa bei ya chini, haina tundu hilo. 600D ya miaka saba kabla yake inalo. Kamera ikikosa tundu, rekodi sauti kwa simu iliyowekwa karibu na msemaji, kisha uunganishe sauti na picha wakati wa kuhariri. Inawezekana, ila ni kazi ya ziada kila mara.

Uliza pia kamera hurekodi kwa muda gani bila kusimama. Nyingi hukoma kabla tu ya dakika 30. 600D hukata mapema zaidi: faili ikifika GB 4, ambayo kwa ubora wa juu ni takriban dakika 12, husimama hadi ubonyeze tena. Ukijua hivyo utabonyeza wakati watu wanapiga makofi. Usipojua, utarudi nyumbani na nusu ya hotuba. Kwa kamera hiyo kila dakika hula karibu MB 330, hivyo kadi ya GB 32 inakupa takriban saa moja unusu.

Hesabu hiyo ndiyo sababu tunashauri bajeti isiishie kwenye kamera. Kikundi chenye shilingi 40,000, kwa mfano, kitenge kama 28,000 za kamera na lenzi, zinazobaki ziende kwa betri ya pili, kadi mbili, maiki na stendi. Kamera ya 40,000 yenye betri moja itazima kabla keki haijakatwa.

Kadi za memori zinastahili tahadhari ya pekee, kwa sababu kadi bandia ni nyingi. Imeandikwa GB 64 lakini ndani ina GB 8. Hupokea video zako bila kulalamika, na zile za mwisho hazifunguki. Ipime kabla ya kazi: iweke kwenye kompyuta, ijaze kabisa kwa kutumia programu ya bure ya H2testw, ambayo huandika data na kuisoma tena. Mwambie muuzaji mapema kwamba utaipima. Anayeuza kadi halali hatakasirika.

Kwa bajeti ya namna hii, wengi watanunua kamera iliyotumika. Nenda mchana, na uende na kadi yako. Elekeza lenzi kwenye mwanga utazame ndani: nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ni ukungu, na kwetu pwani, penye unyevu na chumvi, ukungu hukua upesi. Iache lenzi hiyo hata kwa bei ya kutupa. Piga ukuta mweupe uone kama kuna madoa yanayobaki mahali pamoja katika kila picha. Rekodi video ya dakika kumi uone betri inashuka vipi. Sikiliza lenzi inapozunguka. Mkwaruzo ni mchanga. Ikiwa kamera imetoka ng'ambo, fungua menyu uhakikishe ina Kiingereza, na usome chaja kama inakubali volti 240.

Ukiwa bado kwenye menyu, chagua PAL badala ya NTSC na spidi ya 1/50. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mpangilio wa Marekani hufanya taa za ukumbini zimemeteke kwenye video.

Usinunue kamera isiyo na risiti. Risiti iwe na nambari ya siri ya kamera, ile iliyochapishwa chini yake, pamoja na jina na nambari ya kitambulisho cha muuzaji. Kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, na bei ya chini kupita kiasi haitakuwa utetezi.

Baada ya kununua, ihifadhi kwenye kopo la plastiki linalofungika vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Usibadilishe lenzi ufukweni.

Jambo la mwisho ni la kisheria. Picha ya mtu anayetambulika ni data yake binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Sheria hiyo haigusi picha za matumizi ya nyumbani, lakini kikundi kinachopiga kwa malipo au kuchapisha picha ili kujitangaza hakimo katika msamaha huo. Ombeni idhini, na kwa mtoto mwombeni mzazi au mlezi. Tayarisheni fomu fupi yenye jina, tarehe, sahihi na matumizi ya picha, mwiweke kwenye faili moja na risiti ya kamera.