Mmea Mmoja, Majina Matatu

Watu wengi hudhani kwamba bangi ni bangi tu, na kwamba sheria huitazama namna moja kila mahali. Katika Marekani sivyo. Huko mmea ni mmoja, lakini sheria imeugawa, na mpaka wenyewe hauonekani kwa macho wala haujulikani kwa harufu. Hupimwa katika maabara.

Ndani ya mmea huu mna vitu vingi, na viwili ndivyo vyenye habari yetu. Cha kwanza huitwa THC, nacho ndicho kileweshacho. Cha pili ni CBD, ambacho hakilewishi.

Sheria ya mwaka 1970 iliuhesabu mmea karibu wote kuwa dawa ya kulevya. Mwaka 2018 Bunge la Marekani likatenga hempu, yaani bangi ambayo THC yake haizidi sehemu 3 katika 1,000 za uzito mkavu. Ikizidi hapo, ni bangi iliyokatazwa, hata kama mkulima alipanda mbegu ya hempu. Mwezi wa Novemba 2025 Bunge likapitisha kipimo kikali zaidi, kianze kutumika baada ya mwaka 1: THC ya kila namna ihesabiwe.

Je, CBD? Ikitoka katika hempu haihesabiwi kuwa bangi. Lakini haifuati kwamba kila kitu chenye CBD ni halali kuuzwa. Mwaka 2018 idara ya chakula na dawa ilikubali Epidiolex, dawa ya CBD kwa namna chache za kifafa kikali; lakini idara hiyohiyo imeshikilia kwamba CBD haifai kutiwa katika vyakula vya biashara.

Jambo hili latuhusu sisi pia, hasa wenzetu waliosoma hapa ambao sasa wako ng'ambo. Chupa ya mafuta ya CBD iliyonunuliwa dukani kwa halali huko Marekani haisafiri pamoja na sheria ya Marekani. Kenya ina sheria yake ya mwaka 1994, na Tanzania ya mwaka 2015, nazo zote mbili zinakataza bangi. Neno "hempu" lililoandikwa juu ya chupa si hati ya kupitia forodhani, na aliyekamatwa na mzigo ndiye atakayejibu, si mwenye duka. Basi, kabla ya kumfungia mama au rafiki zawadi ya namna hiyo, uliza kwanza sheria ya nchi inakokwenda.