Waya Hautambulikani kwa Rangi Yake

Hapa Kinanie, katika tambarare za Mavoko ambamo pikapu kuukuu zingali zikibeba maji, majani ya ng'ombe na mawe ya kujengea, hakuna swali niulizwalo mara nyingi kuliko hili: "Fundi, huu waya wa kahawia wa Land Rover nauunga na rangi gani ya Toyota?" Muulizaji aghalabu ni mtu wa akili timamu, aliyekwisha kung'oa injini iliyochoka na kutia ya Hilux, akanunua na fungu zima la nyaya za Hilux hiyo huko Kirinyaga Road, Nairobi, naye sasa adhani kwamba kazi iliyosalia ni kulinganisha rangi kwa rangi, kama mtoto apangaye shanga. Swali hilo halina jibu, na anayethubutu kulijibu humuunguzia mwenziwe gari.

Rangi za nyaya si kanuni ya maumbile, bali ni mapatano ya waundaji, na kila taifa lilipatana lake. Katika magari ya Kiingereza yaliyofuata utaratibu wa Lucas, kama vile Land Rover Series III iliyoundwa tangu 1971 hadi 1985, waya wa kahawia ni wa umeme utokao kwenye betri moja kwa moja pasipo fyuzi. Mweupe ni wa umeme uliokwisha kupita swichi ya ufunguo. Wa kijani ni wa umeme huo huo wa ufunguo baada ya kupita fyuzi. Wa zambarau una fyuzi lakini haungoji ufunguo. Na mweusi ndio urudio kwenye bodi. Nenda kwa Wajerumani, nawe utakuta kahawia hiyo hiyo ndiyo rangi ya bodi, na nyekundu ndiyo ishikayo betri. Hata fundi aliyejifunza kazi kwenye Mercedes, akiushika waya wa kahawia wa Land Rover na kuufunga kwenye chesisi, huwa ameifungulia betri nzima njia ya kujimwaga pasipo fyuzi hata moja ya kuizuia. Kwa Toyota, waya wa bodi aghalabu ni mweupe wenye mstari mweusi, ilhali mweusi wenye mstari mwekundu au wa manjano mara nyingi hubeba umeme wa ufunguo. Basi mwenye kuunga mweusi na mweusi kwa sababu zafanana, huenda ameunga umeme na bodi, na moshi ndio utakaomfahamisha.

Natujaalie, kwa muhali, kwamba rangi zote zingeafikiana. Bado ungehadaika, maadamu njia yenyewe ya umeme haiafikiani. Zitazame taa kubwa za mbele. Katika Land Rover, upande mmoja wa taa umefungwa kwenye bodi daima, na swichi ndiyo ipelekayo umeme upande wa pili. Katika Hilux nyingi za zamani, kinyume chake, umeme hutangulia kufika kwenye taa, na swichi ndiyo ifunguayo mlango wa kurudi kwenye bodi. Ukiunga swichi ya Hilux na nyaya za taa za Land Rover, taa hupata bodi pande zote mbili: haiwaki, haiungui, haitoi hata moshi, na mwenyewe hukimbilia dukani kununua taa mpya zisizo na kosa lolote. Altaneta nayo ni vivyo hivyo: ile ya zamani, yenye kidhibiti kilichofungwa mbali nayo, ina ncha zenye herufi E, F na N, ilhali ile yenye kidhibiti ndani yake ina IG, S na L, na hiyo L hutaka taa ya chaji iliyo kwenye dashibodi. Ni rangi gani itakayokufunza hayo?

Fauka ya hayo, gari la umri wa miaka arobaini limekwisha kupita mikononi mwa mafundi wengi, na kila mmoja wao alitengeneza kwa waya wowote uliokuwa karibu. Jua na vumbi nazo zimefanya yao, hata kahawia, nyekundu na zambarau zikawa rangi moja ya udongo. Ushahidi wa namna hiyo haukubaliwi na kadhi yeyote.

Swali la haki ni hili, tena huulizwa kwa kila waya: umeme watoka wapi, warudi wapi, huwapo wakati gani, na mzigo wake ni ampea ngapi? Hili la mwisho ndilo lisahauliwalo. Taa mbili za wati 60 kwa volti 12 ni ampea 10. Ukizipitisha katika mita nne za waya wa milimita mraba 0.5, zapotea takriban volti 1.4 njiani, na taa hufifia. Waya wa milimita mraba 2.5 hupoteza chini ya 0.3. Tena tahadhari na fyuzi za kioo za Lucas: ile iliyoandikwa 35 hukatika kwa ampea 35, lakini mzigo wake wa kudumu ni kama 17 tu. Ukitia mahali pake fyuzi ya kisasa ya 35, waya ndio utakaogeuka fyuzi.

Njia ni tatu. Mwenye fedha na aagize fungu jipya la asili, ambalo Uingereza lingali likitengenezwa. Mwenye subira na afume upya toka mwanzo. Wengi wenu, shikeni ya tatu: acheni nyaya za Land Rover zihudumie taa, honi na indiketa, na kutoka Hilux chukueni zile za injini tu; ikiwa ni dizeli ya zamani, hizo ni za stata, altaneta, plagi za kupashia moto, kizima dizeli, swichi ya oili na kipimo cha joto, nacho kipimo sharti kiwe pamoja na saa yake ya dashibodi. Ng'oa betri kwanza. Pima kila waya kwa mita, uandike katika jedwali. Kata viunganishi ukiacha mikia mirefu. Taa kubwa zipe relei, fyuzi iwe karibu na betri, na injini ifungwe kwenye chesisi kwa ukanda mnene wa shaba. Viungo vilehemiwe au vibanwe kwa koleo lake. Kusokota na kuzungushia tepu si kuunga.

Kisha, kabla ya kurudisha waya wa hasi wa betri, tia katikati yake taa ya wati 21. Ikiwaka kwa nguvu ilhali swichi zote zimezimwa, kuna mahali umeme unavuja: usifunge, rudi kwenye jedwali, ukatafute.