Mafuta ya Mwani: Maji na Mbolea Vitatoka Wapi?

Mwani mdogo ndio unaogeuza maji ya bwawa kuwa ya kijani. Mafuta yaliyo ndani yake yanaweza kutengenezwa dizeli. Hauhitaji shamba lenye rutuba, na hufyonza hewa ya kaboni.

Hata hivyo, unahitaji maji na mbolea kwa wingi. Mwaka 2012, Baraza la Kitaifa la Utafiti la Marekani lilikadiria kuwa kupata asilimia 5 tu ya mafuta ya usafiri nchini humo kungehitaji tani milioni 6 hadi 15 za naitrojeni kwa mwaka.

Mbolea hiyo ikivuja hadi mtoni au ziwani, mwani mwingine hustawi. Unapooza hutumia oksijeni, na samaki hufa. Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, tayari ina tatizo la mwani.

Kutumia maji taka na kuzuia mabwawa yasivuje hupunguza madhara.

Chini ya sheria ya mazingira ya 1999, NEMA hualika maoni ya umma kabla ya kuidhinisha miradi mikubwa. Wakazi wanahimizwa kuuliza: maji na mbolea vitatoka wapi, na mabaki yatapelekwa wapi?