KWA NINI MOTOKAA KUUKUU HUCHEMKA MLIMANI?

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Methali hiyo nilikuwa nimeiandika katika insha mara nyingi, lakini siku niliyoielewa barabara nilikuwa nimesimama kando ya njia ya kwenda Kisii, mkono wangu ukikaribia kifuniko cha rejeta iliyokuwa ikitokota.

Tulikuwa tumetoka hapa Uriri alfajiri, mimi na mjomba, katika pikapu yake ya Peugeot 504. Nyuma tulikuwa tumepakia magunia ya viazi vitamu tukienda kuyauza Kisii. Awendo tulipita vizuri, Rongo vilevile. Barabara ilipoanza kupanda, mjomba aliingiza gia ya pili, nao mshale wa kipima joto ukaanza kupanda pamoja nasi. Punde si punde mvuke ukafuka kutoka kwenye boneti. Mjomba akaegesha kando. Nami, nikitaka kuonekana kijana mkakamavu, niliruka chini na dumu la maji, nikashika kitambaa na kunyoosha mkono.

"Wewe! Wacha hiyo kitu!" Mjomba alipiga kelele na kunivuta shati. Kisha akakunja mkono wa shati lake, akanionyesha kovu refu kutoka kiwiko hadi karibu na kiganja. "Hii niliipata nikiwa utingo wa lori, miaka kama yako tu. Maji ya rejeta si ya chai, mpwa wangu."

Tulingoja karibu saa nzima. Ajabu ni kwamba tulipofungua, maji yaliyopotea yalikuwa machache tu, yale yaliyotoka na mvuke. Basi kwa nini gari lilichemka? Na kwa nini halikuchemka kule tambarare? Majibu niliyapata kwa fundi wetu wa jua kali hapa Uriri na katika masomo ya Fizikia, nami naona si vyema niyafiche.

Joto lina njia tatu

Ukiichukua nguvu yote iliyomo katika petroli ukaigawa mafungu matatu yanayokaribiana, fungu moja tu ndilo linaloisukuma motokaa. Fungu la pili huingia katika chuma cha injini, na lazima liondolewe na maji na hewa. Fungu la tatu hutoka na moshi kupitia ekzosti. Kwa hivyo joto si adui wa injini. Joto lataka njia tu. Ukiziba njia moja, zile nyingine hulemewa.

Njia ya kwanza ni maji. Pampu huyasukuma kuzunguka silinda, yakachukua joto na kulipeleka katika rejeta. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Mombasa, kando ya bahari, maji huchemka yakifika digrii 100. Lakini kadiri unavyopanda juu, ndivyo yanavyochemka mapema, yapata digrii moja kwa kila mita 300. Kisii, ambako ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuria huchemka karibu digrii 94. Injini nayo hupenda kufanya kazi kati ya digrii 80 na 90 hivi. Nafasi iliyobaki ni ndogo!

Ndiyo maana kifuniko cha rejeta kina springi. Hukandamiza maji ili yasichemke hata yakipita kiwango hicho. Sasa fikiria mtu anapokifungua ghafla. Kani inaondoka, na maji yaliyokuwa yametulia yanageuka mvuke papo hapo na kumrukia usoni. Hiyo ndiyo siri ya kovu la mjomba.

Kisha kuna themostati, mlango mdogo unaoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto la kutosha. Wako mafundi wanaoing'oa na kuitupa wakidhani wanaondoa tatizo. Injini hiyo hukawia kupata joto, hunywa petroli nyingi na vyuma vyake hulika upesi. Themostati iliyokwama hubadilishwa, haitupwi.

Njia ya pili ni hewa, na hapa ndipo ugonjwa wa pikapu yetu ulipokuwa. Gari likienda kasi kwenye tambarare, upepo wenyewe hupita katika rejeta. Likipanda mlima polepole na mzigo, injini inafanya kazi kubwa zaidi lakini upepo ni haba. Hapo tegemeo ni feni. Feni ya Peugeot ya mjomba haizunguki wakati wote. Ina sumaku ya umeme, na maji yakipata joto la kutosha, swichi hupeleka umeme, sumaku ikainasa feni. Umeme huo hupitia kipande kidogo cha kaboni. Fundi alipokitoa, kilikuwa kimeisha kama chaki mwisho wa kipindi. Feni ilikuwa imelala huku sisi tukipanda mlima!

Isitoshe, matundu ya rejeta yalikuwa yamejaa mbegu za nyasi, wadudu na vumbi la mashamba ya miwa. Fundi aliyaosha kwa maji kutoka upande wa injini kuja mbele, ili uchafu utoke ulikoingilia. Alinifundisha kanuni hii: "Gari ikichemka mlimani, shuku hewa kwanza. Ikichemka tambarare ikienda kasi, shuku maji. Pengine rejeta imeziba ndani." Uzibaji wa ndani huletwa na kutu na maji ya mtoni yenye matope, ambayo wengi wetu huteka na kumimina bila kufikiri.

Njia ya tatu ni moshi. Chini ya pikapu, bomba la ekzosti lilikuwa limebonyezwa na jiwe likabaki jembamba. Moshi unaokosa pa kutokea hurudisha joto nyuma, injini ikakosa nguvu, na dereva akazidi kukanyaga mafuta. Taimingi ya plagi ikichelewa pia, moto huendelea kuwaka wakati ulipopaswa kutoka, na ekzosti huwa nyekundu. Bomba likitoboka ni hatari zaidi, maana moshi una gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu. Abiria husinzia, kumbe wanakufa.

Je, uzee ndio ugonjwa?

Watu husema motokaa kuukuu ni ya kuchemka tu. Mimi nakataa. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953. Mwaka 1954, na tena 1962, yalishindwa na Volkswagen kobe, gari ambalo halina rejeta kabisa, kwani injini yake hupozwa na hewa inayopulizwa na feni. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na 1968 ni magari 7 tu yaliyofika mwisho, na mara zote mbili Nick Nowicki na Paddy Cliff ndio waliokuwa mbele. Peugeot 504 nayo ikashinda mwaka 1975. Tangu 2003 kumekuwa na mashindano ya Safari ya magari ya zamani, nayo hupita katika vumbi na jua lile lile. Magari hayo ni mazee kuliko mimi mara mbili na zaidi! Tofauti ni utunzaji.

Ukipuuza, hasara ni kubwa. Silinda hedi ya 504 ni ya alumini na bloku yake ni ya chuma. Alumini hutanuka zaidi, hivyo joto likizidi hedi hupinda, gasketi huungua, maji yakaingia katika oili ikawa na rangi ya chai ya maziwa. Hapo ndipo utakapojua kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

La kufanya njiani ni hili. Mshale ukikaribia nyekundu, washa hita ya gari, hata kama kuna jua, kwa maana nayo ni rejeta ndogo. Simama mapema. Mvuke ukitoka, zima injini, fungua boneti, keti kivulini. Usiguse kifuniko mpaka bomba la juu la rejeta lishikike kwa mkono bila kuchoma. Ongeza maji polepole, kwa kuwa maji baridi yakimwagwa kwa wingi katika chuma cha moto hukipasua.

Siku ile tulifika Kisii soko limekwisha changamka, tukauza viazi kwa bei ya kutupa. Mjomba hakunung'unika. Wiki iliyofuata tulipanda mlima ule ule na mzigo ule ule. Nilisikia feni ikinasa, vuu! Mshale ukasimama katikati, ukatulia. Mjomba aliniangalia, akacheka, akaingiza gia ya tatu.