Mashuani Ndiko Nyumbani

Rasi ya Afungi iko kusini ya ghuba ya Palma, katika mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji. Kwa wavuvi wa pwani hiyo, ambao wengi wao husema Kimwani, bahari si mahali pa kazi tu. Waendapo dago, yaani kuhamia kwa muda penye samaki, hulala siku nyingi visiwani au ndani ya mashua yenyewe.

Hapo mashua huwa ndiyo nyumba, nayo ina taratibu zake. La kwanza ni maji. Madumu hujazwa pwani na kufungwa imara, kisha maji hugawiwa kwa kipimo. Kuosha vyombo hufanywa kwa maji ya chumvi. La pili ni moto. Jiko huwekwa juu ya mchanga uliotiwa ndani ya debe lililokatwa, mbali na tanga na kamba, na chakula hupikwa kabla bahari haijachafuka. La tatu ni usingizi. Watu hawalali wote kwa pamoja: mmoja hukesha akiangalia nanga na upepo, na kufua ngama kila maji yanapozidi. Tanga lililoshushwa huwa paa lao.

Aidha, nyumba hiyo hufuata majira. Kaskazi, kiasi cha Desemba hadi Machi, huvisukuma vyombo kwenda kusini. Kusi, ianzayo Aprili, huvirudisha.

Elimu hii haikuandikwa vitabuni, lakini thamani yake ilidhihirika wakati wa dhiki. Tangu katikati ya Oktoba 2020, watu zaidi ya 10,000 waliokimbia mashambulizi walifika kwa vyombo vya baharini katika ufuko wa Paquitequete, mjini Pemba. Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma wenyewe ulishambuliwa, na wengi tena wakaikimbilia bahari. Toka Palma hadi Pemba ni kiasi cha kilomita 250, safari ambayo kwa tanga yaweza kuchukua siku kadhaa. Akina mama walisafiri na watoto wachanga katika vyombo vilivyojengwa kwa ajili ya samaki.

Si wote waliofika. Mwishoni mwa Oktoba 2020 chombo kimoja kilichobeba wakimbizi kilizama, na makumi ya watu wakapoteza maisha.

Kwa hiyo, kila familia iishiyo karibu na maji ina la kujifunza. Kabla ya kupanda chombo, hesabuni watu, hesabuni madumu ya maji, tazameni kama kipo chombo cha kufulia ngama, na mjue ni nani atakayekesha. Nahodha akisema chombo kimejaa, asibishiwe. Nyumba ya nchi kavu ikijaa, mgeni hulala barazani. Mashua haina baraza.