Palme ndefu: sikiliza muguu mbele ya kusikiliza muuzaji

Mutu wa mine hana lazima ya kufundishwa kama kiatu kibaya kinaharibu siku. Buti yenye kubana inachuna kisigino mbele ya saa ya kula. Buti yenye kupita muguu inateleza ndani, na mwenyewe anaweza kuanguka ku ngazi. Ile akili ya buti njo tunaleta leo ku kitu kingine, chenye kinafaa kwa mwenye kwenda konje ku Kalemie, ku Moba, ao ngambo ya Zambia ku Mpulungu: palme ndefu, yale mapezi ya mupira na plastiki yenye mutu anavaa ku miguu ili aogelee sawa samaki.

Wengi wanazichagua kwa macho. Wanatafuta zenye kuwa ndefu sana, zenye kuwa nguvu sana, ao zenye rangi ya kupendeza. Kisha wanaingia mu maji, na mbele ya dakika makumi mbili mushipa wa nyuma ya muguu unakaza sawa kamba. Kama iko mita 10 tu toka pwani, ni kicheko. Kama iko mita 200, haiko kicheko tena.

Palme inafanya kazi gani?

Muguu wa mutu ni mudogo. Ukipiga maji nao, maji yanakimbia pembeni na mwili unabakia karibu palepale. Mu mwaka 1933, ofisa wa jeshi la maji la Ufaransa, Louis de Corlieu, aliandikisha ufundi wake wa mapezi ya kuvaa ku miguu. Kisha, mu miaka ya 1950, Muitalia Luigi Ferraro akatengenezea kampuni Cressi palme yenye kuitwa Rondine, yenye kiatu kizima cha kufunika mpaka kisigino. Palme ndefu za leo zingali zinafuata ile njia. Kila moja iko na sehemu mbili: kiatu chenye kushika muguu, na ubao wenye kusukuma maji.

Palme ndefu, kiatu na ubao pamoja, inafika karibu santimeta 80 mpaka 95. Ule ubao unajipinda polepole wakati muguu unashuka, kisha unajinyoosha na kurudisha nguvu yenye ulitia ndani. Kwa hiyo unapiga mara kidogo na unaenda mbali.

Hapa njo kuko neno lenyewe. Mutu mwenye kupiga mbizi bila chupa ya hewa anashuka na pumuzi moja tu. Misuli ya mapaja ni mikubwa, na inakula hewa mingi wakati inatumika kwa nguvu. Pumuzi moja ni sawa mufuko wa bunga wa mwezi: mwenye kupika bila kipimo, tarehe 15 nyumba inalala njaa. Palme ngumu inakula mufuko mbio. Palme laini, yenye kukaa muzuri ku muguu, inakufikisha mwisho wa mwezi.

Kiatu njo cha kwanza

Anza na kiatu, ubao utaufikiria kisha. Jaribu palme saa za mangaribi, kwa sababu toka asubuhi mpaka jioni muguu unavimba kidogo, zaidi kwa mutu mwenye kusimama siku nzima. Lowesha muguu na kiatu, juu kavu kwa kavu mupira unashika ngozi na unakudanganya. Ikaa, vaa zote mbili, nyoosha miguu na uitikise.

Angalia mambo matatu. La kwanza, vidole vilale sawasawa, visijikunje. Kidole kikubwa na kile kidogo cha mwisho njo vinaumia mbele ya vingine. La pili, kisigino kisitoke wakati unatikisa. Kama kinapanda na kushuka, ngozi itachunika, na nusu ya nguvu yako itapotea mu ile nafasi. La tatu, juu ya muguu, pale kamba za kiatu zinafungwaka, kusiwe fundo yenye kukandamiza. Bakia nazo dakika 10 mpaka 15. Kama miguu inaanza kufa ganzi ao kuchoma, rudisha hizo palme, hata kama muuzaji anaapa kwamba mupira utalegea. Mupira unalegea kidogo, lakini mufupa wa muguu haulegei.

Vipimo vya palme vinatoka kwa kawaida mbilimbili: 40-41, 42-43, 44-45. Kama uko katikati ya vipimo, ao muguu wako ni mupana, chukua kipimo cha juu na uvae soksi ya neopreni ya milimeta 2 ao 3. Ile soksi inajaza nafasi na kukinga ngozi. Tena inaleta joto. Lakini soksi ijaribiwe pamoja na palme, siku ileile. Mutu mwenye kununua palme kwa muguu mutupu, kisha anatafuta soksi, atakuta kiatu kimekuwa kidogo.

Ubao: laini kwa mwenye kuanza

Mbao za palme ndefu ni za aina tatu. Za plastiki ni nzito kidogo, lakini ni za kuvumilia: zinagonga jiwe na zinabakia nzima. Za nyuzi za kioo ni nyepesi na zinarudisha nguvu muzuri zaidi. Za kaboni ni nyepesi kupita zote, na bei yake ni ya kushangaza: pale ya plastiki inalombwa makumi ya dola, ya kaboni inalombwa mamia. Na kaboni haipendi mawe.

Kwa mwenye kuanza, plastiki inatosha kabisa. Lakini chagua yenye kuwa laini. Shika kiatu kwa mukono moja, sukuma ncha ya ubao kwa mukono mwingine: ujipinde bila kukutoa jasho, na ujinyooshe wenyewe. Kijana mwenye kubeba mashini ya kutoboa jiwe atasema, "Mimi niko na nguvu, leta ile ngumu." Anadanganyika. Nguvu ya kubeba ni ingine, na ya kupiga palme ni ingine. Ubao mugumu unamulazimisha akunje magoti sawa mutu wa kinga, na mishipa inakaza. Muguu utoke ku nyonga, goti lijikunje kidogo tu, polepole, hivi sawa mulango wenye kufunguka na kufungwa.

Kama unanunua ya okazio, pinda mupira wa kiatu na uangalie nyufa ndogondogo. Jua linaua mupira. Kiatu chenye kuanza kupasuka kitakatika mu maji, haiko ku duka.

Ukiagiza mbali

Huku kwetu kopa za palme ndefu ku soko hazionekane. Wengi watalomba ndugu mwenye kwenda Dar es Salaam ao Dubai ku biashara. Usimupe namba ya kiatu peke yake, kwa sababu 42 ya kampuni moja haiko 42 ya kampuni ingine. Weka karatasi chini, simama juu yake jioni, na mutu mwingine azungushe kalamu ku miguu yote miwili. Pima urefu kwa milimeta, toka kisigino mpaka kidole chenye kupita vingine, na upana pale muguu ni mupana. Andika vipimo vya muguu wenye kuwa mukubwa, kwa sababu mara nyingi miguu miwili haiko sawa. Mwambie tena kama utavaa soksi. Ile karatasi inafaa kuliko maneno ya telefone.

Na watoto? Sisi wazazi tuko na tabia ya kununulia mutoto kiatu kikubwa ili akomalie ndani. Ku palme, ile tabia ni mbaya. Palme yenye kupita muguu wa mutoto itatoka ku wimbi la kwanza, na ingine moja yenye kubakia itamuzungusha. Tena mutoto haiko na lazima ya palme ndefu. Yeye, na mukubwa mwenye kutaka tu kulala juu ya maji na kuangalia chini kwa maske na tuba, palme fupi zinawatosha. Ndefu ni za mutu mwenye kutaka kushuka.

Kushuka kuona nini?

Ziwa Tanganyika liko na kina cha mita karibu 1470. Mashimo ya mine ya Kipushi, yenye kupita mita 1000, yangeingia ndani na kufunikwa. Lakini hakuna lazima ya kwenda mbali chini. Mita 2 mpaka 5, pale pwani ni ya mawe, kuko samaki wadogo wa rangi wenye hawapatikane fasi ingine ya dunia. Wako aina zaidi ya 200 za ile jamaa moja. Kati yao kuko wenye mama anachunga mayai mu kinywa, na wengine wenye kukaa ndani ya maganda ya konokono. Mu Ulaya na Marekani, watu wenye kufuga samaki wa kuangalia mu vioo wanajua jina la Moba, kwa sababu kuko samaki wa buluu mwenye kichwa cha fundo wanayeitwa kwa jina la ile pwani. Sisi wenye tuko nayo karibu, wengi tunajua paka ndakala ku sahani.

Pale njo ubora wa palme laini unaonekana. Samaki wanakimbia fujo. Mwenye kupiga maji polepole, miguu haimuume, anaweza kusimama mbele ya jiwe na wao wakarudi kuendelea na kazi yao.

Mambo yenye palme haiwezi kukufanyia

Mutu hashuke peke yake mu galeri, hata kapita haruhusu. Mu maji ni vilevile. Mukuwe wawili: mumoja anashuka, mwingine anabakia juu na kumuangalia. Akishatoka, umuangalie tena nusu dakika, kwa sababu mutu anaweza kuzimia karibu na uso wa maji ao kisha kutoka, bila kusikia alama yoyote. Kupumua mbiombio mara mingi mbele ya kushuka ni hatari. Hakuongeze hewa, kunaondoa tu ile alarme ya mwili yenye kukuambia urudi. Ni sawa mutu mwenye kuzima kengele ya gazi ili afanye kazi bila kelele.

Masikio yakianza kuuma, funga pua na usukume hewa polepole. Kama hayafunguke, rudia juu. Maske ifunike pua. Tuba itoke mu kinywa wakati wa kushuka.

Mwenye kufanya miaka mu vumbi ya mine, mwenye kukohoa, mwenye aliuguwaka kifua kikuu ao moyo, aone kwanza muganga. Kuzuia pumuzi haiko muchezo kwa mapafu yenye vumbi. Mwenye kutoka ku posti ya usiku, alale kwanza. Na pombe ingojee mangaribi.

Ku ziwa, uliza wavuvi. Wao wanajua fasi ya mamba na viboko, zaidi karibu na midomo ya mito na mu majani. Wanajua tena nyoka wa maji mwenye kuwinda samaki kati ya mawe. Ukimuona, mupe njia. Bilharzia iko, kwa hiyo kisha konje kupima ni akili. Mu kiangazi, upepo wa kusini unaleta mawimbi makubwa: siku ile palme zibakie mu mufuko.

Neno lingine kwa vijana wa Kolwezi na Likasi: karieri ya zamani yenye kujaa maji haiko fasi ya kujaribia palme. Kuta zinabomoka, chini hakuonekane, na hakuna mutu mwenye kujua ni dawa gani ya kiwanda iko mu yale maji. Jaribieni mu pisini, polepole, mita 50 na kurudi, mbele ya kulipa njia ya Kalemie. Kama kisha ile safari miguu haichomi na mishipa haikazi, palme ni zako.

Mwisho, zichunge. Zisafishe kwa maji safi, zikauke mu kivuli, zilazwe chali; usizisimamishe juu ya ncha. Usitembee nazo ku mawe: zivalie mu maji yenye kufika ku kiuno, na uzivulie palepale. Palme ya plastiki yenye kutunzwa hivi inafanya miaka, na inaweza kupita toka kaka mpaka mudogo wake, kama miguu yao inalingana.