Mguu wa Dereva wa Bodaboda Unahitaji Kiatu

Mzee mmoja wa Wilaya ya Mkuranga alishuka kwenye basi pale Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam. Alibeba kiroba chenye mihogo na nazi. Alikuja kumtazama mwanawe, ambaye anaendesha bodaboda. Alimkuta amekaa mkekani, mguu wa kushoto umefungwa plasta ngumu ya hospitali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Uligongwa na gari?"

"Hapana, baba. Hakuna aliyenigonga. Nilikuwa natoka Chamazi, mwendo mdogo tu. Penye kona palikuwa na mchanga. Pikipiki ikateleza ikalala, na mguu wangu ukabaki chini yake."

"Ulivaa viatu gani?"

Kijana aliinamisha kichwa. "Ndala, baba."

Ndugu msomaji, kisa hiki si kigeni. Vijana wengi wa vijiji vyetu wanakwenda Dar es Salaam kuendesha bodaboda. Wako Mbagala, Tandika, Buza na Mbande upande wa Temeke. Wako pia Mwenge, Tegeta na Bunju upande wa Kinondoni. Ukifika kijiweni kwao, usitazame pikipiki kwanza. Tazama miguu. Utaona ndala, yeboyebo, na makobazi. Wengine wamevaa katambuga. Katambuga ni kiatu kizuri cha shambani, nyayo yake ni tairi wala haitobolewi na mwiba. Lakini juu ni wazi. Barabara haichomi kwa chini peke yake.

Kijana wa Mkuranga alivunjika mfupa wa kifundo cha mguu. Mfupa kama huo huhitaji wiki sita au zaidi kabla haujashika vizuri. Wiki hizo zote hakupeleka hesabu kwa mwenye pikipiki. Mwenye pikipiki alimpa kijana mwingine aiendeshe. Mwenye kuumia ni mmoja, lakini huku kijijini wadogo zake wawili walikuwa wakingoja fedha za daftari na sare.

Mguu unaumiaje?

Pikipiki ina magurudumu mawili tu. Ikikosa mwendo wa sawa huanguka ubavu. Ikianguka, kitu cha kwanza kubanwa ni mguu. Pikipiki za kawaida za bodaboda zina uzito wa kilo 100 na zaidi. Uzito huo ukilalia kifundo kilicho wazi, huku pikipiki ikiburuzika juu ya lami, ngozi hutoka kwanza, kisha nyama, kisha mfupa hupatikana.

Tena mguu wa dereva una kazi. Mguu wa kushoto hubadili gia. Mguu wa kulia hukanyaga breki ya nyuma. Ndala ikilowa maji huteleza juu ya breki. Wakati mwingine ndala huchomoka, na dereva huinama kuitafuta kwa macho badala ya kutazama barabara. Kwenye barabara ya Bagamoyo, karibu na Wazo, malori ya saruji hupita mchana kutwa. Pale hapana nafasi ya kutafuta ndala.

Halafu kuna bomba la moshi. Liko upande wa kulia, na huwa la moto sana. Abiria wengi wa Dar es Salaam wana kovu la duara kwenye ndama ya mguu wa kulia. Walipanda au kushuka kwa upande wa bomba. Panda na ushuke kwa upande wa kushoto.

Kiatu cha kuchagua

Mzee alimwuliza mwanawe, "Kiatu gani kinafaa?" Kijana alisema gambuti. Hapo alikosea kidogo. Gambuti huzuia maji ya masika, hilo ni kweli. Lakini ni pana, halina kamba, na wakati wa kuanguka huchomoka kama ndala. Ncha yake nene huingia kwa shida chini ya gia. Na katika joto la Dar es Salaam mguu huchemka humo ndani mpaka vidole vinaoza.

Kiatu kizuri ni buti la ngozi, au la turubai gumu, linalopanda juu na kufunika vifundo vyote viwili, cha ndani na cha nje. Hilo ndilo jambo la kwanza. Raba ya chini ni bora kuliko ndala, lakini inaacha kifundo wazi, na kifundo ndicho kinachovunjika.

Nyayo iwe ngumu, lakini ikunjike. Ukishika buti kwa mikono miwili ukalipinda, likijipinda katikati kama kitambaa, halifai, maana uzito wa pikipiki utaupinda mguu vivyo hivyo. Likikataa kabisa kupinda, nalo halifai, maana hutaweza kuisikia breki. Chini pawe na meno ya kushika tope na lami iliyolowa. Kisigino kiwepo, hata kidogo, ili mguu usiteleze kutoka pale unapokanyaga.

Mbele, juu ya vidole, pawe pagumu. Lakini usichukue buti lenye ncha nene kupita kiasi. Kabla ya kununua, nenda nalo kwenye pikipiki iliyosimama, injini imezimwa. Ingiza mguu chini ya gia. Panda, shuka, panda, shuka. Kama unainua goti ili kupata gia, rudisha buti hilo.

Kamba ni jambo dogo ambalo watu hulidharau. Kamba ndefu inayoning'inia hunasa kwenye gia. Dereva anasimama kwenye taa, anataka kuteremsha mguu, mguu haushuki. Anaanguka amesimama hivyo hivyo, watu wanamcheka. Chomeka ncha za kamba ndani ya buti.

Buti jipya ni ghali. Lakini mtumba upo Tandika, upo Karume, na upo kwenye minada mingi. Buti la mtumba lina ugonjwa wake. Limekaa miaka mingi bila kuvaliwa, na nyayo za aina fulani huharibika zikawa kama keki. Ukilivaa siku tatu linameguka. Kwa hiyo bonyeza nyayo kwa ukucha. Ikimeguka au ikiacha unga, achana nalo. Tazama pale nyayo inapoungana na ngozi. Kama gundi inaachia, mpelekee fundi viatu alishone kwa uzi mnene, sindano ipite nyayo na ngozi pamoja. Fundi wengi wa pembeni mwa barabara wanaiweza kazi hiyo.

Jambo jingine, ukiwa mnadani usichukue nguo zinazofanana na za jeshi, hata zikiwa imara namna gani. Sheria yetu hairuhusu raia kuvaa mavazi ya jeshi.

Vaa soksi za pamba. Jioni vua buti, legeza kamba, liache lipate hewa.

Nguo nyingine

Suruali iwe ndefu na nzito. Jinzi inafaa kuliko kitambaa chepesi. Kaptura haifai.

Madereva wengi huvaa koti zito la baridi, tena wengine huligeuza mbele nyuma ili kuzuia upepo kifuani. Watu wa bara hushangaa kuona koti la baridi katika joto la pwani. Sababu ni upepo wa asubuhi na wa usiku. Lakini adui mkubwa ni lami. Koti jepesi la turubai au la jinzi, lenye mikono mirefu, litakusaidia zaidi kuliko sufu nene inayochanika haraka. Likiwa jeusi, vaa juu yake kizibao chenye mistari inayong'aa. Usiku, katika mitaa isiyo na taa, dereva wa lori haoni koti jeusi.

Mtu akianguka hutanguliza viganja. Kwa hiyo glovu zinahitajika, hata zile za ngozi za mafundi wa kuchomelea, mradi vidole vishike breki na klachi bila shida.

Abiria naye

Mama anayepanda bodaboda akusanye kanga, dera au baibui yake na kuikalia. Nguo ikinaswa na spoku au mnyororo, humvuta mtu chini kwa ghafla. Kule India, ambako pikipiki nyingi za bodaboda zinatengenezwa, huwekwa chuma cha kukinga kando ya gurudumu la nyuma ili sari za akina mama zisinaswe. Chuma hicho huja na pikipiki mpaka kwetu. Wapo wanaokifungua wakidhani ni pambo au ni mzigo. Dereva, usikifungue. Kinamlinda pia mtoto, ambaye mguu wake haufiki pa kukanyagia na kisigino chake huingia kwenye spoku.

Na ule mtindo wa mishikaki, watu watatu au wanne juu ya pikipiki moja, hauna kiatu cha kuutibu.

Kofia ngumu

Kuhusu kofia ngumu wengi wamekwisha kusikia. Kanuni za pikipiki za biashara za mwaka 2010 zinamtaka dereva na abiria waivae. Watafiti waliokusanya taarifa za nchi mbalimbali mwaka 2008 walikadiria kuwa kofia hiyo hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69, na hatari ya kufa kwa asilimia 42. Lakini kofia iliyoning'inizwa kwenye usukani haimlindi mtu. Vivyo hivyo kofia isiyofungwa mkanda huruka kabla kichwa hakijafika chini. Funga mkanda mpaka vidole viwili tu vipite kati yake na kidevu.

Kofia ya wajenzi wa nyumba si kofia ya pikipiki. Wala usinunue kofia ya mtumba. Ndani ya kofia kuna povu gumu linalobonyea ili kichwa kisipate kishindo chote. Povu hilo hufanya kazi mara moja. Kofia iliyokwisha kuanguka na mtu huweza kuonekana nzima kwa nje, kumbe ndani imekufa. Kofia nzuri nyingi huwa na alama ya herufi E ndani ya duara, nyuma au kwenye mkanda.

Abiria wengi hukataa kofia ya dereva kwa sababu ya jasho la watu wengine, au kwa kuogopa kuharibu nywele. Wana haki ya kulalamika. Dawa yake ni kitambaa safi cha pamba kichwani kabla ya kuvaa kofia. Dereva naye aianike kofia juani na kufua kitambaa cha ndani.

Mzee wa Mkuranga alikaa siku mbili. Siku ya pili alikwenda sokoni Tandika na rafiki wa mwanawe. Alipinda mabuti mengi, akabonyeza nyayo nyingi, mpaka muuzaji akamwuliza, "Mzee, unanunua viatu au unapima udongo?" Mwisho alipata jozi moja ya ngozi kwa shilingi 25,000, fedha alizouzia mihogo. Fundi aliishona nyayo.

Kijana alijaribu buti la kulia, likamwenea. La kushoto liliwekwa juu ya kabati mpaka siku ya kutolewa plasta.